Bahari Inanihusu Nini Mimi wa Cheyo?



Leo naomba nianze na jambo linalonionea aibu kidogo. Siku moja niliuliza swali mbele ya watu wengi, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikajiona mjanja kweli. Usiku nilipolala, swali lile likanirudia, na safari hii halikuwa linachekesha.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilisafiri kwa treni kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam kumsalimia kaka yangu. Siku ya tatu kaka akaniambia kuna mhadhara wa wazi jioni, mtaalamu wa bahari anaeleza kwa nini kina cha bahari kinapanda, na kiingilio ni bure. Kusema kweli nilikwenda kwa sababu ukumbi ulikuwa na kiyoyozi. Unyevunyevu wa Dar mtu wa bara haumkubali.

Mhadhiri alikuwa mama wa makamo, mpole, anaongea taratibu. Hakuanza na takwimu. Alianza na glasi mbili za maji. Ya kwanza akaitia vipande vya barafu vikaelea. Juu ya ile ya pili akaweka kichujio cha chai, na barafu akaiweka ndani ya kichujio. Akachora alama kwenye kila glasi kuonyesha maji yamefika wapi, kisha akaendelea kuzungumza kama vile amesahau.

Baada ya muda akatuita tuangalie. Barafu zote zilikuwa zimeyeyuka. Kwenye glasi ya kwanza maji yalikuwa palepale kwenye alama. Kwenye ya pili yalikuwa yamepanda. Akasema barafu inayoelea imeshachukua nafasi yake ndani ya maji, kwa hiyo ikiyeyuka haiongezi kitu cha maana. Inayoongeza ni ile iliyokuwa nchi kavu: barafu ya milimani, na zaidi yale matabaka makubwa ya Greenland na Antaktika. Mtu mmoja akauliza, na ile ya Kilimanjaro? Akajibu kwamba kupotea kwake kunapaswa kutuuma, ila ni ndogo mno, bahari haiwezi hata kuisikia.

Sababu ya pili sikuwahi kuifikiria kabisa. Maji yakipata joto yanatanuka. Kumbuka kipimajoto cha zamani cha kioo: ukikipasha, kimiminika kinapanda ndani ya mrija, na hakuna aliyeongeza kitu. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo binadamu tumeliletea dunia hii kwa moshi wetu, na inatanuka. Kati ya mwaka 1901 na 2018 wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20. Kati ya 2006 na 2018 ulikuwa unapanda karibu milimita 3.7 kila mwaka, kasi kubwa kuliko zamani.

Milimita 3.7 haifiki hata nusu sentimita. Nikamnong'oneza kaka, "Ndiyo hiyo tu?" Mama yule ni kama alinisikia. Akaeleza kwamba ufuo ulio tambarare hauhesabu kwa kimo. Maji yakipanda kidogo kwenda juu, yanaweza kuingia hatua nyingi kwenda ndani. Tena hayaji polepole kila siku kwa usawa ule ule. Yanakuja siku ya bamvuo, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, yakisukumwa na upepo, na yanapoondoka yanaacha chumvi.

Kisiwa cha Maziwe

Akatuonyesha picha za nyumbani kwetu Tanzania. Ukuta wa bahari uliojengwa kando ya barabara ya Barack Obama pale Dar es Salaam, na mwingine Kigamboni. Visima vya Bagamoyo ambavyo maji yake yameanza kuwa na chumvi. Mabonde ya mpunga ya Unguja na Pemba yaliyoingiwa na maji ya bahari.

Halafu akatuonyesha Maziwe. Ni kisiwa kidogo mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai mchangani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni rundo la mchanga mweupe, na maji yakijaa halionekani. Kasa bado wanakuja palepale, kwa sababu ndivyo walivyozoea. Bila msaada mayai yangeoza majini. Basi watu wa upande wa Ushongo huyachukua na kuyahamishia ufuo wa bara, ili yaanguliwe.

Nilichompendea mama yule ni kwamba hakutia chumvi. Alisema wazi kwamba si haki kuibebesha bahari lawama yote ya Maziwe. Miti ya kisiwa ilikatwa pia, na mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika. Mara nyingi, akasema, bahari inamalizia kazi ambayo sisi tumeshaianza.

Ndipo ukafika muda wa maswali. Nikanyoosha mkono.

"Daktari, mimi natoka Cheyo, Tabora. Sisi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari. Maji yakifika kwetu, ina maana dunia nzima imeshazama. Sasa bahari inanihusu nini mimi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akatabasamu tu. "Mwanangu, mvua ikinyesha Cheyo, maji yanakwenda wapi?"

Nikajibu kwa kujiamini, "Bahari ya Hindi."

"Hapana," akasema. "Yakielekea kaskazini yanaingia mto Igombe. Yakielekea kusini yanakwenda Ugalla. Yote mawili yanaishia Malagarasi, na Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika. Maji ya Tanganyika yanatoka kwa mto Lukuga kwenda mto Kongo, na Kongo inamwaga Bahari ya Atlantiki. Yasipokauka njiani, maji yako yanavuka nusu ya Afrika." Akanyamaza kidogo. "Umeniuliza bahari inakuhusu nini, na hata hujui unapeleka maji yako bahari gani. Tuanzie hapo."

Watu wakacheka tena. Safari hii mimi sikucheka.

Nje, wakati tunasubiri bajaji, kijana mmoja akanifuata. Akaniuliza, "Wewe ndiye ndugu yangu wa Tabora?" Nikasema ndiye, nikidhani anataka kunitania. Akajitambulisha kwamba yeye ni wa Pemba, anasoma Dar. Akaniambia bibi yake alikuwa na bonde la mpunga. Mwaka mmoja bamvuo ikaingiza maji ya chumvi. Bibi akadhani ni bahati mbaya ya mwaka ule, akapanda tena. Yakaingia tena. Akapanda mara ya tatu. "Sasa hapandi," akasema. "Anakaa barazani anasuka ukili."

Nikamwomba radhi kwa lile swali. Akatikisa kichwa. "Hukuniudhi, ndugu yangu. Hata mimi nikiulizwa Tabora inanihusu nini, sijui nitajibuje. Nilitaka tu ujue kwamba bibi yangu yupo."

Bibi yangu yupo. Nilisafiri na maneno hayo mpaka nyumbani.

Njia iliyopita mlangoni kwetu

Treni inaporudi Tabora ina muda mrefu wa kukupa ufikirie. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa inafuatana na njia ya zamani ya misafara. Kabla ya treni watu walitembea. Katika karne ya 19 Wanyamwezi kwa maelfu walikuwa wakishuka pwani kila mwaka wakiwa wapagazi, na Unyanyembe ndiyo ilikuwa kituo kikuu cha kati. Sisi tuliozaliwa Tabora tumekula maembe tangu utoto bila kujiuliza yalifikaje. Wazee husimulia kwamba yaliletwa na watu wa misafara. Kwa hiyo pwani ilishafika kwetu zamani, na sisi tulishafika pwani zamani. Ninyi mnaosema "huko pwani" kama mnavyosema "huko Ulaya", jueni babu zetu walikuwa wanakwenda kwa miguu.

Ila njia ile haikupitisha pembe za ndovu na vitambaa peke yake. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, mwisho wa njia hiyo, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Sisi Wakatoliki wa Tanzania tunajivunia misheni ile, na ni haki yetu.

Lakini kwenye treni nilijiuliza swali jingine. Kati ya bara na Bagamoyo, minyororo ile ilipita mbele ya milango mingi. Lazima palikuwa na mtu huku kwetu, mtu mwema tu, anayemcha Mungu kwa namna aliyomjua, aliyesimama mlangoni akaona wenzake wanapita wamefungwa, akasema moyoni, "Si mimi niliyewafunga." Na alikuwa anasema kweli. Si yeye aliyewafunga.

Ukisoma Injili ya Luka sura ya 16, utamkuta tajiri na Lazaro. Kasome tena polepole. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tajiri alimpiga Lazaro, au alimwibia, au alimfukuza. Vidonda vya Lazaro hakuvileta yeye. Kama angeulizwa mahakamani, angeachiwa huru asubuhi na mapema. Kosa lake ni kwamba Lazaro alikuwepo mlangoni, na yeye akaishi kama vile hayupo.

Ndiyo maana yule kijana wa Pemba hakuniambia "umemkosea bibi yangu". Aliniambia yupo.

Lakini si sisi tulioharibu!

Najua unachotaka kusema, kwa sababu nami nimekisema. Jamani, sisi? Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na sisi ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani. Waliochoma makaa ya mawe na mafuta kwa miaka mia mbili ni wengine. Wana viwanda, wana ndege, wana nyumba zenye joto wakati wa baridi na baridi wakati wa joto. Halafu mtoto wa Cheyo anayeenda shule kwa mguu ndiye atubu?

Nataka niseme wazi: hoja hii ni ya haki, na usikubali mtu akuzime kwa kukuambia usamehe tu uendelee na rozari. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kuna deni la kiikolojia kati ya nchi za kaskazini na za kusini. Ametumia neno deni. Deni linalipwa, halisamehewi kimyakimya na mdaiwa mwenyewe. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zinazoumia. Kudai mfuko huo ujazwe kweli ni sehemu ya imani yetu, kwa sababu bonde la bibi wa Pemba halitarudi kwa kuonewa huruma.

Tatizo langu si hoja hiyo. Tatizo langu ni matumizi niliyokuwa nimeipa. Nilikuwa nimeigeuza mto wa kulalia. Kila nikisikia habari za tabianchi, nilisema "wazungu hao", nikageukia upande wa pili. Kule kutokuwa na hatia kubwa kulinipa ruhusa ya kutojali. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu hatia na wajibu si kitu kimoja. Hatia inauliza nani alivunja. Wajibu unauliza nani yupo hapa sasa, na ana nini mkononi.

Tunapoungama mwanzoni mwa Misa tunataja mawazo, maneno na matendo, na tunataja pia kutotimiza wajibu. Mimi nilikuwa nikilipita neno hilo la mwisho haraka, kama mtu anayevuka barabara. Siku hizi najitahidi kulisimamia.

Mizigo miwili ya Mtume Paulo

Kuna jambo katekista wetu alitufundisha zamani, sikulielewa mpaka juzi. Katika Barua kwa Wagalatia sura ya 6, Mtume Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo. Mistari mitatu mbele anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Sasa ni lipi? Tusaidiane, au kila mtu na lwake?

Katekista alisema katika Kigiriki cha Paulo hayo ni maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu hadi anaanguka. La pili ni mzigo wa kawaida, ule wa kila msafiri. Uzito unaolemea tunausaidiana. Mzigo wa kawaida kila mtu anabeba wake.

Sisi watu wa njia ya misafara tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Mpagazi alibeba karibu kilo 30. Wale wenye nguvu kuliko wote walibeba pembe kubwa za ndovu, na waliona fahari. Wanawake na vijana waliosafiri nao walibeba vyombo vya kupikia na mikeka. Hakuna aliyemwambia kijana abebe pembe kubwa. Lakini pia kijana hakuweza kusema, "Kwa kuwa pembe kubwa ni ya fulani, mimi nitatembea mikono mitupu." Sufuria ingebebwa na nani?

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe ambalo nimeandika makala hii ili nikuambie. Kwenye msafara, mzigo unaoutua wewe haubaki chini. Unapanda kichwani kwa mwingine. Nchi tajiri zimetua pembe zao kubwa miaka mingi, na zimeangukia vichwani kwa watu kama bibi wa Pemba. Tuwadai wazichukue. Lakini na mimi nikitua sufuria yangu ndogo, nayo haipotei. Inaongezwa juu ya kichwa kilekile.

Bani la mama mdogo

Sasa sufuria yangu ni ipi? Hapo ndipo paliponiuma.

Mama yangu mdogo analima tumbaku upande wa Urambo. Wewe wa Tabora unajua, na wewe usiye wa Tabora nikueleze: tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, na moto wa kuni unawaka usiku na mchana karibu wiki nzima bila kuzimika. Kuni zinatoka porini, kwenye miyombo. Kila msimu pori linasogea mbali kidogo na nyumba. Mti ukisimama umeshika hewa ukaa. Ukichomwa na usipoachwa uchipue, hewa ile inabaki angani, na angani hakuna mpaka wa Tabora na Pemba.

Niliporudi kutoka Dar nilikwenda kumsalimia, nikiwa nimejaa maarifa mapya. Nikaanza kumhubiria. Glasi mbili, Greenland, milimita 3.7, Maziwe. Alinisikiliza huku akipanga majani ya tumbaku kwenye fito. Nilipomaliza akaniambia, bila hasira:

"Mwanangu, ulipokuwa sekondari kila muhula nilikutumia ada. Mbona hukuniuliza kuni zimetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Sare niliyovaa, madaftari, nauli, hata hii Kiswahili ninayokuandikia, vimepita kwenye lile bani. Nilikwenda kama mwalimu, kumbe nilikuwa sehemu ya somo.

Nilitamani niondoke. Badala yake nikakaa, nikamsaidia kupanga majani. Na kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza, yeye ndiye aliyeongea. Akasema anajua pori linaisha, yeye ndiye anayetembea kulitafuta. Akasema miche ya miti hupewa wakulima, nao huipanda, lakini kiangazi kinaiua kwa sababu hakuna wa kuitunza. Akasema amesikia kuna mabani ya kisasa yanayokula kuni kidogo, ila hana mtaji wa kujenga. Akasema visiki vya miyombo huchipua vyenyewe ukiviacha na ukavilinda na moto, babu yetu alikuwa anajua hivyo. Kisha akanitazama: "Nitapanda. Lakini wewe utakuja kumwagilia. Usiniletee mahubiri bila ndoo."

Basi, nimekuwa mtu wa ndoo. Wenzangu wa VIWAWA tunapokezana. Tunakwenda Jumamosi kipindi cha kiangazi, tunamwagilia, tunafyeka majani kuzunguka visiki ili moto usipite. Miche mingine imekufa. Mchwa wamekula mingine. Siwezi kukuambia habari ya ushindi kwa sababu haipo bado. Bani ni lilelile, na msimu ukifika moto utawaka, maana kuna wadogo zangu wawili wako shuleni. Nimeanza kuchangia ada yao kidogo, ili angalau kuni zisibebe ada peke yake.

Utaniuliza: miche ya Urambo itashusha bahari? Haitashusha. Yule mama wa mhadhara alisema hata moshi wa dunia yote ukikoma leo, bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi, kwa sababu joto lililokwisha kuingia majini na barafu iliyokwisha kuanza kuyeyuka haviishi kwa mara moja. Kinachoweza kubadilika ni kasi yake, na itafika wapi. Hilo lilinivunja moyo kidogo. Lakini kijana aliyebeba mkeka kwenye msafara hakufikiri kwamba mkeka wake ndio utaufikisha msafara Bagamoyo. Aliubeba kwa sababu ulikuwa wake. Na jioni, mtu mzima aliyetembea siku nzima na pembe begani alipata pa kulala.

Yule rafiki yangu wa Pemba tumebaki tunaandikiana. Mara moja moja ananitumia ujumbe: leo bamvuo, maji yamefika kwenye mnazi wa pili. Leo yamerudi mapema, alhamdulillahi. Kwenye jumuiya yetu sasa tunaitaja familia yake katika maombi, na kuna mzee mmoja aliyeuliza mara ya kwanza, "Pemba? Wanatuhusu nini?" Nikajiona mimi mwenyewe nimesimama ukumbini Dar na mkono juu. Sikumcheka. Nilimwambia, "Mzee wangu, kuna bibi mmoja huko. Yupo."

Zamani mwezi mpevu ukitoka Cheyo nilikuwa naona ni uzuri tu, watoto wanacheza nje bila taa. Siku hizi nikiuona naangalia simu. Najua kwamba usiku huu, mbali sana na hapa na chini sana ya hapa, maji yanajaa, na kuna mtu barazani anasikiliza yamefika wapi.

Ya kutafakari wiki hii

1. Nani yupo mlangoni pangu ambaye nimejizoesha kuishi kama vile hayupo?
2. Ni mzigo gani mdogo, ulio wangu kweli, nimeutua kwa kisingizio kwamba wengine wana mikubwa zaidi?
3. Ada yangu, chakula changu na starehe zangu vimepita kwenye mikono ya nani, na kwenye pori la nani? Nimewahi kumshukuru? Nimewahi kumsaidia?

Tuombe

Ee Mungu Baba, wewe uliyeiwekea bahari mpaka wake, tunakuomba uwaangalie wote ambao mpaka huo unawasogelea. Uwape moyo wa haki wenye nguvu na mali, wainue walichokitua. Utupe na sisi wadogo unyenyekevu wa kubeba kidogo kilicho chetu bila kunung'unika na bila kujisifu. Utuondolee macho yanayotazama bila kuona. Na siku utakapotuuliza ndugu yetu yuko wapi, tuweze kukujibu kwamba tunajua alipo. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Wiki njema, kijana mwenzangu. Na kama uko Tabora, Jumamosi njoo na ndoo.